MREJESHO: Injini ya dizeli ya mashua iliyokuwa inawaka kisha inazima

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliokosa: niliuliza kwa nini injini ndogo ya dizeli ya mashua yangu ya tanga inawaka vizuri, inanguruma dakika chache, halafu inaishiwa nguvu na kuzima yenyewe. Wengi mlisema ni hewa kwenye mafuta, mmoja akashikilia nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya silinda).

Ni hewa. Nililegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta ndogo, nikapampu mafuta kwa mkono. Yakatoka mapovu, kisha dizeli tupu. Ikawaka. Kesho yake ikazima tena, maana kutoa hewa si kuziba inapoingilia. Mchawi alikuwa mpira unaotoka kwenye tangi kwenda filta kubwa: ulikuwa na ufa mwembamba chini ya klipu. Upande huo pampu inavuta, kwa hiyo hewa inaingia bila dizeli kuvuja nje. Kila nikipapasa nakuta pakavu. Mpira mpya, klipu mpya, kwisha kazi.

Aliyenionya nifunge valvu ya maji ya bahari (yanayopoza injini) ninapopiga starta mfululizo, Mungu akubariki. Injini isipowaka, maji yanaendelea kusukumwa kwenye eksozi na hakuna moshi wa kuyatoa. Yanaweza kurudi hadi kwenye silinda. Ila ikiwaka tu, ifungue papo hapo, la sivyo impela (feni ya mpira ndani ya pampu ya maji hayo) inaungua kwa ukavu.

Nozeli sijazigusa, na sina mpango huo.