Trena ndani wakati wa baridi: mbona nazimika kwenye seti ya pili?

PedaliMbili
Wakuu habari zenu. Baridi imekolea, nje ni nyuzi 2 na giza linaingia mapema, kwa hiyo baiskeli nimeihamishia chumba cha nyuma nimeifunga kwenye trena (ile ya kutoa gurudumu la nyuma, cheni inakaa moja kwa moja kwenye kaseti, yaani gia za nyuma, za trena). Sasa shida yangu ni hii, kipindi cha joto nilijipima barabarani FTP (wati za juu ninazoweza kushikilia kama saa nzima) ikatoka wati 240 na nilikuwa naenda masaa 3 bila kulalamika, nikaona nianze na kitu cha kawaida tu, 2x20 kwa asilimia 90 ya hiyo FTP, yaani wati 216 dakika 20, napumzika dakika 5, narudia. Seti ya kwanza safi, mapigo 152, hadi naimba. Seti ya pili dakika ya 8 mapigo 174, miguu kama inakanyaga tope, mizunguko ya pedali kwa dakika imeshuka toka 88 hadi 61 na trena imenikaba tu haina huruma, nikaacha. Hii ni mara ya tatu na kila mara nafia palepale.

Na sio kwamba chumba kina joto jamani, naanza nikiwa na koti la mikono mirefu maana natetemeka, dirisha nimefunga. Nikimaliza kioo cha dirisha kinatiririka maji na chini ya baiskeli kuna dimbwi. Je nimeshuka kiwango hivyo ndani ya miezi miwili au trena inadanganya?

KotiZito
Vaa glavu toka nje. Baiskeli ya kwenda popote bila kwenda popote hiyo sio baiskeli, ni mashine ya kusaga.

mzee_wa_rola
KotiZito mwache kijana, barafu ukiigonga kwenye kona giza hilo utakaa ndani wiki sita bila hata trena.

PedaliMbili jibu lako umeliandika mwenyewe, ni hicho kioo kinachotiririka. Hujashuka kiwango, unajipika. Mwili wa binadamu kwenye baiskeli unageuza kama robo tu ya nguvu kuwa mwendo, mara nyingi hata haifiki robo, inayobaki yote ni joto. Ukisukuma wati 216 kwenye pedali ujue unamwaga kama wati 650 mpaka 850 za joto humo chumbani, hiyo ni hita ndogo imewashwa ndani ya koti lako. Barabarani ukienda kilomita 30 kwa saa upepo unakupiga kifuani muda wote bila wewe kuuomba. Ndani hewa imesimama, dirisha umefunga, dakika 20 za kwanza mwili unavumilia maana ulianza ukiwa wa baridi, halafu hesabu inakufikia.

Kinachotokea ni kwamba damu inapelekwa kwenye ngozi ikapoe, na huku jasho linapunguza maji ya damu yenyewe, kwa hiyo kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo na moyo unafidia kwa kupiga haraka. Wati zilezile, mapigo yanapanda. Na lile dimbwi chini usilionee fahari, jasho linalodondoka sakafuni halijakupooza chochote, linalopooza ni lile linalokauka juu ya ngozi, na halikauki kama hewa haisogei na imeshajaa unyevu.

Kwa hiyo feni. Sio kile kifeni cha mezani, feni kubwa la sakafuni, liweke mbele chini kidogo lielekee kifuani na usoni, la pili ukipata liweke nyuma pembeni likupige mgongo. Dirisha fungua, hiyo baridi ya nje ndio mali uliyonayo, wenye joto wanaitafuta hawaipati. Koti anza nalo dakika 10 za kupasha, feni limezimwa, ukianza kuhisi unyevunyevu mgongoni vua, washa feni, ndio uingie seti ya kwanza. Usingoje uwe umelowa ndio uwashe.

dada_kadensi
Mzee kamaliza upande wa joto, mimi niongeze la pili maana hapo kuna mambo mawili yamepandana. Hiyo kushuka toka 88 hadi 61 ni modi ya ERG imekunyonga. Trena kwenye ERG kazi yake ni kushika wati ulizoiambia, na wati ni nguvu ya kukanyaga mara kasi ya kuzungusha, sasa wewe ukipunguza kuzungusha yenyewe inaongeza uzito ili wati zibaki 216. Piga hesabu, kwa 88 ulikuwa unakanyaga kama Nm 23 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kwa 61 ni karibu 34. Yaani umechoka na umeongezewa mzigo karibu mara moja na nusu, unazidi kushuka, nayo inazidi kuongeza. Hakuna mguu unaoshinda hapo 😅

Dawa ni kutoingia humo kabisa. Sekunde 5 kabla ya seti pandisha mzunguko hadi 92-95, mzigo ukija ukukute unazunguka. Ukiona umegusa 75 na huinuki, usipigane nayo, punguza ukali asilimia 3 mpaka 5 kwenye programu au zima ERG sekunde 20 ujikusanye halafu rudi. Hiyo sio kushindwa, seti ya 2x20 iliyoisha kwa wati 207 inakujenga kuliko ya 216 iliyokufa dakika ya 8. Na tumia gia ndogo ya mbele na katikati ya kaseti, gurudumu zito la ndani ya trena linazunguka taratibu na kelele zinapungua, ila usishangae pedali ikahisi kama unapanda mlima, ukiipenda hisia ya tambarare weka gia kubwa.

Halafu swali, hizo 240 za barabarani ulipima kwa kifaa gani? Kama ni pedali au krenki zenye kipimo, usitegemee zikubaliane na trena. Pedali inapima kabla nguvu haijapita kwenye cheni, trena inapima baada, kuna kidogo kinapotea njiani, na kila kifaa kina kosa lake. Jipime upya ndani, kwenye trena hiyohiyo, feni likiwa limewashwa. Dakika 20 kwa nguvu zote unazidisha kwa 0.95, au ile ya ngazi inayopanda kila dakika mpaka unazimika, unachukua dakika yako bora ya mwisho unazidisha kwa 0.75. Mimi ya ngazi ndio naipenda maana haina ujanja wa kujipangia mwendo, ila wenye mbio fupi miguuni inawapendelea, inawapa namba kubwa ambayo wakija kwenye 2x20 wanalia.

GiaNzito
Mimi nitapinga kidogo, kwani nani kasema lazima 2x20? Watu wanasahau kwamba nje hukanyagi muda wote, kuna kona, kuna mteremko, kuna kusimama, ukitoa hizo masaa 3 yako pengine kukanyaga kwenyewe ni masaa mawili na nusu. Ndani hakuna mteremko, dakika 60 ni dakika 60. Kwa hiyo kuileta ratiba ya barabarani kama ilivyo ni kujitafutia ugomvi.

Mimi msimu wa baridi napiga siku 3 kwa wiki na hakuna inayozidi saa na robo. Jumanne ni 3x10 kwa asilimia 90, wiki inayofuata 3x12, halafu 3x15, kufika hapo ushafanya dakika 45 za kazi wakati ya kwako ilikuwa 40, na hukuhisi umevunjika. Alhamisi ndio kali, 5x3 kwa asilimia 115 pumziko dakika 3, hapo ERG nazima kabisa maana inachelewa kupanda na kushuka na nataka niamue mwenyewe. Jumamosi laini, asilimia 60 na kitu, naangalia sinema. Wengine wanaongeza siku ya nne ya 30/30 (sekunde 30 kali, 30 laini) mimi nilijaribu nikawa mkali nyumbani nikaacha.

Na KotiZito unajua Mathew Hayman, yule mwendesha baiskeli wa kulipwa, alivunjika mkono mwezi wa pili 2016 kwenye mbio za Omloop Het Nieuwsblad, akajifungia ndani na trena mkono ukiwa haujapona, mwezi wa nne akashinda Paris-Roubaix, mbio za barabara za mawe. Mawe yale yote. Mashine ya kusaga imemsaga vizuri.

KotiZito
Sawa huyo mmoja. Mimi makalio yangu hayawezi dakika 40 kwenye hicho kitu, nilijaribu.

fundi_spoki
Hapo KotiZito umesema la kweli na lina sababu yake, nje baiskeli inayumba chini yako na wewe unainuka kila kilima bila kujua, ndani imefungwa kama meza na uzito wote umelalia sehemu moja. Simama kwenye pedali sekunde 20 au 30 kila dakika 10, weka kengele kama unasahau. Kwenye ERG ongeza gia moja au mbili nzito kabla hujasimama maana ukisimama mzunguko unashuka. Na hakikisha mbele na nyuma ziko usawa, wengi gurudumu la mbele liko chini kuliko nyuma wanateleza kuja mbele ya siti halafu wanailaumu siti.

Ila mimi nimekuja kwa jambo jingine, hilo dimbwi. PedaliMbili dimbwi liko chini, sawa, lakini limepita wapi kabla ya kufika chini? Limepita kwenye usukani, kwenye stemu (kipande kinachoshika usukani), likaingia hedseti (beringi za shingo ya usukani). Jasho ni maji ya chumvi na wewe unaoshea baiskeli mara tatu kwa wiki, mahali ambapo hakuna mvua ya kuisuuza. Mimi ya kwangu mwenyewe, fundi mzima, nilimaliza msimu mmoja hivyo nikiamini kitambaa juu ya bomba la juu kinatosha. Nikaja kubadilisha tepu ya usukani, nikaivua, alumini chini yake imetoa unga mweupe kama chokaa, nikikwaruza kwa kucha kuna vishimo. Usukani ukatupwa palepale, hiyo sio kitu cha kujaribu bahati ukiwa kwenye mteremko. Beringi ya juu ya hedseti ilitoka vipandevipande.

Weka taulo juu ya usukani lifunike mpaka stemu, ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji ya kawaida kisha kikavu, dakika mbili tu. Na leo usilale kabla hujafungua bolti za stemu moja moja ukaziangalia.

(Wenye trena ya kubana tairi: jaza upepo uleule kila siku na kalibresheni fanya baada ya kupasha dakika 10, tairi ikipata joto mzigo unabadilika, watu wanadhani wamepata nguvu kumbe ni tairi.)

mzee_wa_rola
Unga mweupe 😳 naenda kuangalia ya kwangu.

PedaliMbili
Wakuu narudi baada ya siku 9 na mrejesho.

Kwanza nilitaka kujua nilikuwa napoteza maji kiasi gani nikafanya zoezi moja la mwisho kwa mtindo wangu wa kijinga, dirisha limefungwa. Nimepanda mzani kabla kilo 71.6, baada ya dakika 70 kilo 70.4, na katikati nimekunywa chupa nzima ya mililita 750. Yaani karibu lita 2 zimetoka na mimi nadhani nina baridi.

Halafu nikaweka feni mbili kama mzee alivyosema, dirisha wazi, nikajipima ile ya ngazi kama dada alivyosema, ikatoka 226. Roho iliuma dakika 5 nikakubali. Juzi nikarudia 2x20 kwa asilimia 90 ya hiyo, wati 203, ya kwanza mapigo 149 ya pili yameishia 157, mizunguko haikushuka chini ya 86 hata mara moja. Mzani umepungua gramu 300 tu na nimekunywa chupa ileile. Sakafu ina matone, sio dimbwi. Tatizo jipya ni masikio, feni la mbele na ile hewa ya dirishani yananiganda kabisa, nimevaa kitambaa cha kichwani huku kifua kiko wazi, mke wangu amepita akaangalia akarudi bila kusema kitu.

GiaNzito wiki ijayo naingia kwenye 3x12 yako, hiyo ya 115 bado naiogopa.

Fundi sasa. Nimefungua bolti za stemu. Tatu zimetoka, zina kutu kichwani tu. Ya nne ya chini kushoto imegoma na alenki (ufunguo wa pembe sita) imeanza kuteleza ndani. Nifanyeje?

fundi_spoki
Simama hapohapo usizungushe tena. Dondoshea oili ya kulegeza kutu kwenye nyuzi, iache usiku kucha. Kesho alenki mpya yenye kona kali, igongee kwa nyundo taratibu mpaka iingie mpaka mwisho, halafu kaza kidogo KWANZA kabla ya kufungua, unavunja kutu. Zile tatu ulizotoa usizirudishe, nunua nne mpya, paka grisi kwenye nyuzi, kaza kwa namba iliyoandikwa kwenye stemu, nyingi ni Nm 5.

PedaliMbili
Imetoka, imelia kama mlango. Nusu ya chini ni kahawia tupu na imelika upande mmoja.

KotiZito
Picha ya kitambaa cha kichwani iko wapi