MREJESHO: Hali ya njia ya Mlima Meru mwezi wa nane

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama kiangazi hiki msitu wa Meru una tope, asanteni sana mlionijibu. Kutoka geti la Momella mpaka Miriakamba, kambi ya kwanza ya kulala (mita 2,514), njia kavu, vumbi tu, ila asubuhi ukungu unadondosha maji toka kwenye miti utadhani mvua, kwa hiyo aliyesema nibebe koti la mvua Mungu ambariki. Nyati wapo kweli, askari wa hifadhi na bunduki yake alitusimamisha mpaka wakapita. Ule ushauri wa kupanda Little Meru (kilele kidogo cha pembeni) jioni ili mwili uzoee, kwangu umegoma, kichwa kiligonga usiku kucha nikaishia Rhino Point, njiani kuelekea kileleni. Mwenzangu kafika kileleni, anasema glavu ziwe nzito.