Tupeane uzoefu: Wazungu wanahama, shule ya mwanao imebadilikaje?

Wadau, habari zenu. Niko Gwinnett, pembezoni mwa Atlanta. Mwaka 1990 hapa watu tisa katika kumi walikuwa Wazungu. Sensa ya 2010 ikakuta hawafiki nusu. Tulinunua nyumba tukiamini watoto watasoma wamechanganyika. Ukutani nina picha za darasa za binti yangu, sita zote. Ile ya chekechea ina watoto wa kila rangi. Ya darasa la tano ina Wazungu wawili, na mmoja ni mtoto wa mwalimu. Hakuna aliyefukuzwa. Ni kila likizo ya kiangazi tu, vibao vya kuuza nyumba viwili vitatu mtaani kwetu. Majirani ambao tulikuwa tunapeana hadi nyanya za bustani! Iliniuma sana. Nyie huko vipi?

MamaNeema, Dallas:
Pole dada. Sheria ya 1968 inakataza ubaguzi katika kuuza nyumba, kwa hiyo dalali wetu hakutaja rangi hata mara moja. Alisema tu, "shule zenye alama nzuri ziko kule." Siku tulipopita kule saa ya watoto kutoka shule ndipo nikaelewa alama maana yake nini.

BabaAmani, Michigan:
Niko jirani na Detroit. Wazee weusi wa hapa ndio walionieleza kesi ya Milliken na Bradley. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ilikataa mpango wa kuchanganya watoto wa jiji na wa vitongoji. Tangu hapo mpaka wa wilaya ya shule, yaani eneo lenye shule zake lenyewe, ni ukuta. Weusi wenye uwezo nao walipohamia vitongojini, Wazungu wengi wakasogea mbele tena, nyuma ya mpaka mwingine. Binafsi naona hukumu ile ndiyo mzizi.

Shemeji_Minnesota:
Ila mipaka huchorwa na watu. Eden Prairie, kitongoji cha Minneapolis, walichora upya mipaka ya shule zao, ikaanza kutumika 2011, ili watoto wa familia maskini, wengi Wasomali, wasirundikwe shule moja. Wazazi waliwaka, na mkuu wa wilaya ya shule akaondoka mwaka huohuo.

Mleta mada:
Asanteni. Shemeji, umenigusa. Jumatano kuna kikao cha mipaka hapa kwetu. Nitaenda na picha zote sita.