Rafiki yangu Mlakota amekosa mtihani kwa msiba wa bibi yake: nimshauri nini?

Mgeni wa Dakota
Ndugu zangu, ninasoma chuo kikuu mashariki ya jimbo la South Dakota, Marekani, na ninaishi chumba kimoja na kijana wa Kilakota, tawi mojawapo la watu wanaojulikana kama Sioux. Kwao ni Pine Ridge, eneo lililotengwa kwa Walakota magharibi ya jimbo hili. Hivi karibuni alifiwa na bibi yake aliyemlea. Huko mkesha huendelea usiku mmoja au miwili kabla ya maziko, na mjukuu hawezi kufika, kutia udongo na kuondoka. Hupokea wageni, hupika na kukaa na wazee. Aliporudi alikuta mtihani umempita, na mhadhiri akamjibu kwamba ruhusa ya msiba ni ya wazazi na ndugu wa tumbo moja tu. Nyumbani nako wajomba wanamwambia kwamba shule huchukua watoto wala haiwarudishi. Sasa anafikiria kuacha masomo. Nimshauri nini, bila kujifanya ninaijua mila yake kuliko yeye?

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Mpe pole zetu. Hao wajomba usiwalaumu kabla hujajua wanakumbuka nini. Mwaka 1879 afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, alifungua shule ya bweni huko Carlisle, Pennsylvania, na kundi lake la kwanza lilitoka Pine Ridge na Rosebud, eneo jirani la Walakota. Watoto walikatwa nywele, wakapewa majina mapya na kukatazwa lugha yao. Wengine walizikwa huko huko, na ni mwaka 2021 tu ambapo watu wa Rosebud walirudishiwa mabaki ya watoto wao tisa. Mjomba anayesema hivyo haichukii elimu. Anasema jambo lililotokea.

Binti Shamte
Nakubaliana na Mwalimu, nami ninaongeza habari ya Charles Eastman, daktari wa Kidakota, tawi jingine la Sioux, ambaye kwa lugha yake aliitwa Ohiyesa. Alizaliwa Minnesota mwaka 1858, naye pia alilelewa na bibi yake, hadi alipokuwa na miaka kumi na mitano na baba yake, aliyedhaniwa amekufa, akatokea na kumpeleka shule. Alimaliza chuo cha Dartmouth mwaka 1887, akahitimu udaktari Boston mwaka 1890, kisha akaenda kutibu Pine Ridge. Tarehe 29 Desemba mwaka huo huo jeshi liliwaua Walakota huko Wounded Knee, wengi wao wanawake na watoto. Dhoruba ya theluji ilipotulia, Ohiyesa alikuwa miongoni mwa waliokwenda kutafuta walio hai kati ya maiti, na majeruhi wakalazwa kanisani. Elimu yake haikuzuia risasi hata moja, lakini majeruhi wale walipata daktari aliyeielewa lugha yao. Hata hivyo sisemi haya ili kijana aambiwe avumilie tu. Ohiyesa aliachwa abebe pande zote mbili peke yake, na chuo cha leo hakina udhuru wa kurudia hayo.

Mama Rehema, Minnesota
Ninafanya kazi katika ofisi ya wanafunzi kwenye chuo kimoja huku. Jibu la mhadhiri si la mwisho. Amwandikie mkuu wa ofisi ya wanafunzi, aeleze kwamba bibi ndiye aliyemlea, na aombe mtihani mwingine. Vilevile, familia nyingi za Kilakota hufanya kumbukumbu mwaka mmoja baada ya kifo, nazo hukusanya mablanketi na vyakula mwaka mzima ili kuwagawia watu. Tarehe hiyo awajulishe wahadhiri mwanzoni mwa muhula. Akiona bado hawezi, kuna Oglala Lakota College huko huko Pine Ridge na Sinte Gleska huko Rosebud, vyuo vilivyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na vinavyoendeshwa na Walakota wenyewe. Kuhamia huko si kushindwa.

Mgeni wa Dakota
Asanteni sana. Nimemweleza yote, naye anauliza kama barua iandikwe na shangazi yake, kwa kuwa mkubwa ndiye msemaji wa familia.

Mama Rehema, Minnesota
Aandike yeye, na ya shangazi iambatanishwe. Zote mbili ziende wiki hii, kabla alama hazijafungwa.