Risasi nyepesi hupunguza teke la bastola ya .357 (inavyoruka nyuma ikifyatuliwa)? Naomba ushauri

Bin_Mambrui: Assalamu alaykum wanajukwaa. Mimi ni mfanyabiashara hapa Malindi na silaha yangu ina leseni. Ni bastola ya silinda, .357 Magnum, mtutu wa inchi 4. Uwanjani hupiga risasi za greini 158 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi). Nikishapiga chache kifundo cha mkono huuma, na siku hizi nafumba macho kabla ya kufyatua. Rafiki anashauri nihamie greini 125, eti nyepesi haina teke. Ni kweli?

Mzee_wa_Maweni: Waalaykum salaam mwanangu. Ana ukweli nusu. Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi, mtumbwi hurudi nyuma kwa kadiri ya uzito wako na kasi uliyorukia. Greini 158 ni kama gramu 10.2, na hutoka kwa takriban mita 380 kwa sekunde. Geuza gramu ziwe kilo, zidisha kwa kasi, upate 3.9. Greini 125 ni gramu 8.1 kwa mita 440 hivi, upate 3.6. Nafuu ipo, ila ndogo. Tena hiyo nyepesi kwa kawaida hubeba baruti nyingi zaidi, na gesi ikichomoka mtutuni nayo huisukuma bastola nyuma, kwa hiyo sehemu ya nafuu hiyo inaliwa. Mkononi, nzito husukuma polepole, nyepesi hugonga ghafla.

Bin_Mambrui: Shikamoo mzee. Kwa hiyo nibaki na 158?

Dada_wa_Shela: Kaka, baki na uzito huo, punguza kasi. Bastola ya .357 hupiga pia risasi za .38 Special. Greini 158 ya .38 hutoka kwa takriban mita 230 kwa sekunde, na kwa hesabu ya mzee hapo juu ni 2.3 tu. Hiyo ndiyo nafuu utakayoisikia mkononi. Na kufumba macho mara nyingi huletwa na kishindo na mwako wa moto, wala si teke peke yake. Greini 125 za Magnum zinasifika kwa vyote viwili, kwa hiyo naogopa zitakuzidishia.

Mzee_wa_Maweni: Kweli kabisa. Ila kinyume chake hakifai: risasi ya .357 isiingie bastola ya .38. Ganda lake lilirefushwa kama milimita 3 makusudi ili lisiingie. Na ukishapiga .38 nyingi, sugua matundu ya silinda, kwani masizi hubaki pale ganda fupi linapoishia na .357 zitakwama.

Bin_Mambrui: Shukran sana. Cheti changu kimeandikwa .357 pekee. Naweza kununua .38?

Dada_wa_Shela: Usinunue kwanza. Cheti hutaja aina na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Waulize Bodi ya Leseni za Silaha, wakikubali waandike kwenye cheti. Kwa sasa vaa viziba masikio vizuri, na tafuta mpini wa mpira unaojaza kiganja.