Mrejesho: pikipiki ya theluji niliyoibadilisha, siku ya kwanza Vail Pass

Mwana wa Moshi, Aurora (Colorado):

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Ile pikipiki ya theluji (ya skii mbele na cheni pana ya mpira nyuma badala ya magurudumu) niliyoinunua kwa mtu wa Minnesota, Jumamosi nimeipandisha mlimani kwa mara ya kwanza. Niliahidi mrejesho, huu hapa.

Vail Pass, njia ya mlimani hapa Colorado, ni mita 3,250 juu ya bahari. Tuliowahi kupanda Kilimanjaro tuseme ni kati ya Mandara na Horombo. Hewa pale ni nyepesi na injini inapungukiwa pumzi kama mtu: kila mita 300 unazopanda, inapoteza nguvu kama asilimia 3. Yangu ni ya kabureta, tustroki, ndugu ya zile pikipiki za zamani za moshi wa buluu. Kabureta haijui kama umepanda mlima. Inamwaga petroli ileile wakati hewa imepungua, basi mashine inakohoa na kugoma.

Kwa hiyo nyumbani nilikuwa nimeweka jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli) ndogo zaidi, nikapunguza uzito wa vyuma vya klachi ya mbele ili injini iweze kuzunguka kwa kasi yake ya kawaida, na nikatoa cheni ya mpira ya inchi 136 nikafunga ya 154 yenye meno marefu, isizame kwenye theluji laini.

Sikwenda mbali. Mashine uliyoifungua mwenyewe, siku ya kwanza zunguka mahali unapoweza kurudi kwa miguu. Niliivuta mafuta yote kwenye tambarare, nikaizima ghafla kwa kamba ya mkononi, nikatoa plagi. Nyeusi tititi, masizi kama ya sufuria ya kuni! Petroli bado ilikuwa inazidi. Nikakaa juu ya theluji kubadilisha jeti, kile kishaba kidogo kama punje ya hindi, kwa vidole visivyohisi kitu. Kiliniponyoka mara mbili, bahati nzuri nilikuwa nimetandika taulo. Jaribio la pili plagi ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nilifurahi mno, jamani. Ikapanda kilima kwa sauti moja, bila kusita.

Tatizo lilikuja kwenye njia iliyoshindiliwa: taa ya joto ikawaka. Hizi mashine hazina rejeta ya mbele kama gari. Maji ya moto yanapita chini ya bodi, na theluji inayorushwa na cheni ndiyo inayoyapoza. Njia ikiwa ngumu, hakuna kinachoruka. Niliingia pembeni kwenye theluji laini, baada ya dakika chache taa ikazima. Kuna vyuma vya springi vinavyoburuzwa chini kukwangua barafu ili iruke. Nilidhani si lazima, kumbe ni lazima. Nimeshaviagiza.

Halafu nikakwama kwenye kona, saa nzima ya koleo. Ukiona inazama, achia mafuta papo hapo. Ukizidi kuvuta unajichimbia kaburi la mashine.

Mama wa Calgary:

Hongera mwanangu, lakini hujasema ulikwenda na nani. Na bikoni je, kile kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji? Kila mtu awe na bikoni, koleo na ufito mrefu wa kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa. Bikoni uivae mwilini, usiifunge kwenye pikipiki. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomosha theluji zaidi. Aliyefukiwa, zikipita dakika 15 nafasi yake inashuka vibaya sana, na helikopta haitawahi. Atakayekuchimbua ni mwenzako. Na anapopanda mmoja, wengine wasisimame chini yake.

Mwana wa Moshi:

Shikamoo mama, na asante. Tulikuwa wawili, vifaa vyote vitatu kila mmoja, na asubuhi tulisoma taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo cha taarifa za maporomoko ya theluji. Miteremko mikali hatukuigusa.

Mdogo wenu, Minneapolis:

Kaka, Februari nitakuja huko. Naweza kuiazima nirudi nayo, niende kuvua samaki ziwani juu ya barafu?

Mwana wa Moshi:

Hapana mdogo wangu, hivyo ilivyo sasa hapana. Huko uko kama mita 250 tu juu ya bahari, na baridi yenu inaifanya hewa iwe nzito zaidi. Kwa jeti hizi ndogo petroli itakuwa kidogo mno, na tustroki ikipungukiwa petroli inatoboa pistoni kabla hujafika katikati ya ziwa. Jeti zake za zamani na vyuma vya klachi nimevihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, nimeandika juu yake "Minnesota". Njoo siku mbili kabla ya kuondoka, tutazirudisha pamoja gereji, na utabeba mkanda mmoja wa akiba wa klachi.

Mdogo wenu, Minneapolis:

Sawa kaka. Nakuja Alhamisi basi, si Jumamosi.