Tupeane uzoefu: wiki yako inaishia wapi?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Asalaam alaykum jamani. Mimi nashona kofia za viua, yaani vile vitundu vya sindano vinavyopamba kofia, na napika mahamri ya oda. Ukiniuliza shughuli zangu, jawabu ni lile lile: nashona kutwa. Juzi mteja wa Mombasa kanipigia, kofia yake niliyomwahidi iko wapi? Nikaitoa kwenye mfuko. Upande wa juu wote mweupe, haujaonja sindano.

Nikachukua daftari la madeni, nikaligeuza nyuma, nikawa naandika nilichofanya kila siku. Sikugawa kwa saa, maana huku ndani hakuna anayetazama saa. Niligawa kwa swala: alfajiri mpaka adhuhuri, adhuhuri mpaka alasiri, hivyo hivyo mpaka kulala. Mwisho nikakadiria. Wiki ina saa 168. Usingizi 46, huo sina ugomvi nao. Kukanda, kungoja unga uumuke na kuchoma mahamri, 24. Simu baada ya isha pekee, 13. Ya mchana sikuthubutu kuijumlisha. Saa 11 nimeandika "maneno tu". Na kushona, ninakojisifia? Tisa!

Isitoshe, hizo tisa nyingi ni za usiku, macho yamechoka. Nashona viua vitatu, asubuhi nafumua viwili. Sasa mahamri yakitoka tu naketi dirishani na kofia mpaka adhuhuri, na simu anashika mwanangu. Wiki hii nimefika saa 16, na sijafumua kitu.

Haya, leteni zenu. Andikeni wiki ilivyokwenda, si mnavyotamani iwe.

Nahodha Mdogo (Mokowe–Amu, yaani Lamu)

Waalaykum salaam dada. Mie ratiba ya Jumatatu, Jumanne ilinishinda zamani. Maji hayajui Jumanne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo wiki hii yakijaa saa sita mchana, wiki ijayo saa hiyo hiyo yamekupwa. Nilikuwa nikijiwekea "Alhamisi asubuhi nasugua boti", Alhamisi ikifika boti inaelea, naitazama, inanitazama. Sasa nafuata mwezi wa juu. Siku za bamvua, yanapojaa na kupwa sana, maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi, boti inakaa mchangani yenyewe. Hapo nakalafati, yaani naziba nyufa, napaka rangi, simlipi mtu kuivuta. Mambo ya mjini nayaweka maji mafu, siku yasipojaa wala kupwa sana.

Lakini kilichoniuma ni kungoja. Mokowe mpaka Amu hakufiki nusu saa. Nilipohesabu, wiki nzima nimekuwa baharini saa 15, na gatini nikingoja boti ijae, saa 31. Zote hizo naita "niko kazini". Mimi na mwenzangu tumeacha kugombania abiria. Tunajaza boti moja, iende, ndipo tujaze nyingine. Asiye na zamu anatengeneza nyavu zake kivulini. Pesa hazijapungua. Kelele ndizo zimepungua.

Dereva wa Tuktuk (Malindi)

Yangu fupi. Saa nane mpaka saa kumi, jua kali, nilikuwa nazunguka mjini na viti vitupu nachoma mafuta. Niliandika siku sita: abiria wanne. Siku zote sita! Sasa saa hizo niko nyumbani, nimelala. Mke wangu asema jioni nimeanza kujibu salamu.

Mwalimu wa Sayansi (Malindi)

Mimi niliingia kwa mbwembwe. Nikaweka programu ya simu inayolia kila saa ikiuliza: unafanya nini sasa? Siku ya tatu ikalia darasani, watoto wakajibu kwa pamoja, "Anatufundisha!" Nikaifuta hapo hapo. Hiyo ya swala ya dada nimeipenda, nitaijaribu. Ninachokijua bila hata kuandika ni kwamba madaftari ya kusahihisha nayabeba Ijumaa kwenda nyumbani na kuyarudisha Jumatatu yakiwa vile vile. Yametembea tu.

Mzee wa Mkunguni (Lamu)

Wanangu, nimesoma mara mbili hapo kwenye "maneno tu". Mimi ni fundi wa milango. Kila baada ya alasiri nakaa barazani na kahawa. Mlango mkubwa kuliko yote niliochonga mwaka jana ulinijia hapo barazani, mtu kapita, kasalimu, kaketi, tumezungumza hali ya hewa mpaka kikombe cha tatu ndipo akataja mlango. Sasa saa ile niiandike kazi au upuuzi? Na maziko je, na arusi? Hizo nazo mtazikata?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Shikamoo baba. Umenikamata. Nimerudi daftarini. Katika zile saa 11, oda tatu za mahamri zilitoka kwa jirani wa nyuma, na saa mbili nilikuwa nimekaa na mgonjwa. Nimefuta "maneno tu", nimeandika nyumba moja moja. Ila kuna nyumba moja, sitaitaja, kule ni maneno tu kweli.

Mama Mchanga (Shela, Lamu)

Nimechelewa, mniwie radhi. Niliandika siku mbili. Ukurasa mzima ni "nimenyonyesha", "nimefua", "nimenyonyesha". Kipande kirefu kuliko vyote ambacho hakuna aliyeniita ni dakika 25, siku baba yake alipombeba kwenda ufuoni kutazama punda. Sikulalamika. Daftari nililiacha wazi pale anapowekea funguo. Alisoma, hakusema kitu. Kesho yake alasiri akambeba tena. Leo siku ya tano, na ukili wa mkeka wangu, ule utepe wa kusuka, uliokaa tangu Rajabu, umeshafika pima nne.